Lifti ya Njiani ni Amana



Baada ya darasa la akina mama wiki iliyopita, mama mmoja alibaki nyuma akiwa na swali. Binti yake asoma chuo kilicho mbali na kwao, na siku ambazo nauli humpungukia, husimama kando ya barabara akaomba lifti. Akikanywa hujibu: "Mama, mimi namtegemea Mwenyezi Mungu." Mama akatuuliza: je, hiyo ndiyo tawakkul?

Swali hilo lilitukumbusha safari yetu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, kabla barabara ya Lamu haijatiwa lami, gari tulilopanda liliharibika baina ya Witu na Garsen. Tulikuwa na ahali yetu na mtoto mchanga mwenye homa, na jua lilikuwa likituchwea. Dereva wa lori la maembe akasimama. Hakuwa Muislamu, wala hakutujua. Alimwambia utingo wake apande juu ya mzigo ili sisi tukae mbele. Ilipoingia Magharibi alisimamisha lori bila ya kuombwa, akatupa maji ya udhu kutoka dumu lake, kisha akaenda kusimama mbali hadi tulipomaliza kuswali. Tulipofika Garsen alikataa malipo.

Kila tusomapo habari za Uthman bin Talha, humkumbuka dereva yule.

Bi Ummu Salama (r.a.) alizuiliwa na jamaa zake asihame Makka pamoja na mumewe, na mwanawe akanyang'anywa. Kwa muda wa karibu mwaka mzima alikuwa akitoka kila siku kwenda kulia, hata walipomhurumia, akarudishiwa mtoto wake. Alipanda ngamia wake akashika njia ya Madina, safari ya zaidi ya kilomita 400, peke yake na mtoto. Ngamia alikuwa naye. Alichokosa ni mwenzi wa njia. Alipofika Tan'im alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa bado amesilimu. Alimuuliza anafuatana na nani. Bi Ummu Salama akamjibu kwamba hana ila Mwenyezi Mungu na mwanawe huyo.

Uthman akaishika hatamu ya ngamia. Kila kituo alimpigisha ngamia magoti, akajitenga hadi bibi ashuke, kisha akamfunga mnyama na kwenda kulala chini ya mti mwingine. Walipofika Quba alimwonyesha alipo mumewe, akarejea Makka. Miaka kadhaa baadaye alisilimu, na siku ya kufunguliwa Makka Mtume (s.a.w.) alimrudishia ufunguo wa Al-Kaaba. Wafasiri wengi wameihusisha na tukio hilo aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inayoamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Mtu aliyemhifadhi mwanamke asiye na mlinzi jangwani ndiye aliyekabidhiwa mlango wa Nyumba tukufu.

Hata hivyo, wanazuoni huihesabu safari ya Bi Ummu Salama kuwa ya dharura. Hakuiacha njia salama akachagua ya hatari. Njia ilikuwa hiyo moja. Na katika Hadithi mashuhuri ya Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mola wake. Basi binti yetu naye ana kamba ya kufunga: asipande gari akawa peke yake na mwanamume wa kando, atafute gari lenye familia au akina mama, asisafiri usiku, ampelekee mama yake nambari ya gari kabla ya kupanda. Na moyo ukiingia shaka, ashukuru na aliache gari lipite. Hayo hayapunguzi tawakkul hata chembe.

Lakini tusimlemeze binti peke yake. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa safarini, aliwaagiza masahaba kuwa mwenye kipando cha ziada amsaidie asiyekuwa nacho. Tulimuuliza mama yule iwapo mtaani kwao hakuna wenye magari wanaopita njia ile. Akasema wapo, watatu, na wanamjua binti tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza anasafiri lini, na mama aliona haya kuwaomba.

Basi jawabu letu lina pande mbili. Binti afunge ngamia wake. Nasi tulio na viti vitupu garini, tuwaulize jirani zetu kabla ya kung'oa safari, tutoke pamoja na wake zetu, na tumchukue mtoto wa jirani kama amana. Anayesimama barabarani kuwategemea wageni, mara nyingi amekwisha kupitwa na wanaomjua.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, na amlipe kheri kila aliyesimama kwa ajili yao. Amin.