Je, Wajua? Meno Husema, Lakini Husema Baada ya Miaka

Je, wajua kwamba rangi iliyoupa mji wa Maji ya Chai jina lake siyo inayoharibu meno ya watoto? Kinachoyaharibu ni floraidi, na haionekani wala hainuki. Inayeyuka kutoka kwenye miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, ilhali baadhi ya vyanzo vya ukanda huu vimepimwa vikakutwa na zaidi ya 10.

Ukiyachemsha maji haya, vijidudu vitakufa. Floraidi itabaki palepale, tena itakolea kadiri mvuke unavyotoka.

Je, wajua kuwa doa la kahawia kwenye jino ni habari ya zamani? Gamba gumu la meno ya mbele ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto azaliwe hadi anapokaribia miaka 8. Floraidi ikizidi kipindi hicho, gamba huumbika vibaya, na doa hujitokeza jino likishaota. Mswaki hauhusiki kabisa, na inauma kuona mtoto wa Meru akichekwa kuwa ni mchafu. Mtu mzima aliyehamia Maji ya Chai atakunywa maji yaleyale na meno yake yabaki meupe, huku mifupa yake ikiendelea kulimbikiza floraidi. Kwa hiyo meno meupe si cheti cha usalama.

Kiashiria cha floraidi kinachowahi ni mkojo. Figo za mtu mzima hutoa takribani nusu ya floraidi aliyoimeza, na karibu yote inayobaki huingia mifupani. Mkojo huonyesha kilichonywewa na kuliwa siku hiyohiyo; vipande vya kucha huonyesha cha miezi michache iliyopita. Mtoto anayekua hubakiza sehemu kubwa zaidi mwilini, hivyo kiasi kidogo kwenye mkojo wake kisiwape wazazi matumaini ya haraka.

Je, wajua kwamba familia mbili za bomba moja zinaweza kupata majibu tofauti? Si maji pekee yanayoileta: magadi yanayolainisha maharagwe na makande huwa na floraidi. Majani ya chai nayo yanayo.

Eksirei husaidia, ila mara nyingi huonyesha athari iliyokwishatokea. Mwaka 1964 Paul Grech, mtaalamu wa eksirei, na Michael Latham, bingwa wa lishe, walichapisha utafiti wao kuhusu ugonjwa unaoletwa na floraidi nyingi kaskazini mwa Tanganyika. Mwaka 1980 jarida la Radiology likachapisha picha za mifupa ya watoto wa Tanzania waliokunywa maji yenye floraidi nyingi. Daktari hutazama mambo kadhaa: mfupa uliokuwa mweupe kupita kawaida, kano zilizoanza kugeuka mfupa, na utando ulio kati ya mifupa miwili ya kigasha ukiwa umeota vijimwiba. Mfupa huo mzito huonekana imara, kumbe unaweza kuwa mwepesi kuvunjika. Mgonjwa mwenyewe hulalamikia mgongo na viungo kukakamaa, na ni rahisi kumdhania ana baridi yabisi. Kwa mgonjwa wa ukanda huu, swali la kwanza lingepaswa kuwa: amekulia akinywa maji gani?

Je, wajua kuwa katika miaka ya 1970 Tanzania iliruhusu miligramu 8 za floraidi kwa lita, kwa sababu ya uhaba wa vyanzo vingine? Baadaye ikashuka hadi 4, kisha 1.5.

Na je, wajua kuwa dawa ya maji haya ni mfupa? Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, jirani kabisa na Maji ya Chai, kimefanya kazi kwa miaka mingi na mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa. Madini yaleyale ya mfupa yanayoinasa floraidi mwilini huinasa ndani ya chujio. Mkaa huo ukishiba huacha kunasa, na maji huendelea kutoka safi machoni vilevile, ndiyo maana hata yaliyochujwa hupimwa tena na tena.