William Holden

William Holden (jina la kuzaliwa: William Franklin Beedle Jr.; 17 Aprili 1918 – 12 Novemba 1981) alikuwa mwigizaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa Hollywood katika miaka ya 1950, na alishinda Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya Stalag 17 (1953). Nchini Kenya anakumbukwa pia kwa mchango wake katika uhifadhi wa wanyamapori.

Maisha ya awali

Holden alizaliwa mjini O'Fallon, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa mkemia na mama yake mwalimu. Alipokuwa bado mdogo familia ilihamia California, na huko ndiko alikoanza kuigiza jukwaani akiwa mwanafunzi wa chuo.

Kazi ya uigizaji

Alipata nafasi yake kubwa ya kwanza katika Golden Boy (1939), akiigiza kijana anayevutwa huku na ngumi, huku na fidla. Kwa kuwa hakuwa na uzoefu, watayarishaji walitaka kumwondoa. Mwigizaji mwenzake Barbara Stanwyck, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa, alimtetea na kumsaidia kufanya mazoezi. Holden hakuusahau wema huo: katika sherehe za Oscar za mwaka 1978 alimshukuru hadharani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi la anga la Marekani, katika kikosi kilichotengeneza filamu za mafunzo. Ndugu yake Robert, rubani wa jeshi la majini, aliuawa vitani mwaka 1944.

Baada ya vita alipewa mara nyingi nafasi za kijana mzuri asiye na makuu. Mambo yalibadilika kwa Sunset Boulevard (1950) ya mwongozaji Billy Wilder. Humo aliigiza mwandishi asiye na kazi anayetunzwa na nyota wa zamani wa filamu zisizo na sauti. Nafasi hiyo alikuwa amepewa kwanza Montgomery Clift, akajitoa. Filamu hiyo ilimletea Holden uteuzi wa Oscar, na miaka mitatu baadaye Wilder huyohuyo alimwongoza katika Stalag 17.

Kwa The Bridge on the River Kwai (1957) alikubaliwa kupata asilimia 10 ya mapato ya filamu, akilipwa kwa awamu za dola 50,000 kwa mwaka. Filamu hiyo ilishinda Oscar saba. Baadaye alishinda Tuzo ya Emmy kwa The Blue Knight, na akateuliwa tena kuwania Oscar kwa Network (1976).

Kenya na wanyamapori

Mwaka 1959 Holden na washirika wake walinunua hoteli karibu na Nanyuki na kuifanya Mount Kenya Safari Club. Filamu yake The Lion (1962) ilipigwa Kenya. Baadaye, pamoja na Don Hunt, alianzisha shamba la wanyamapori ambako bongo wa milimani, swala aliye hatarini kutoweka, walizalishwa. Mwaka 2004 bongo 18 kutoka bustani za wanyama za Marekani waliletwa huko.

Maisha binafsi na kifo

Alimuoa mwigizaji Brenda Marshall mwaka 1941. Walitalikiana mwaka 1971. Alisumbuliwa na ulevi kwa miaka mingi. Mwaka 1966 alisababisha ajali ya gari nchini Italia iliyoua mtu mmoja, akahukumiwa kifungo cha miezi minane ambacho hakukitumikia.

Novemba 1981, akiwa peke yake na amelewa nyumbani kwake Santa Monica, alianguka, akajigonga kichwa kwenye meza na kutokwa damu hadi kufa. Mwili wake uligunduliwa siku kadhaa baadaye. Miezi michache baada ya hapo Stanwyck alipokea Oscar ya heshima, naye akamkumbuka Holden jukwaani.

Baada ya kifo chake, rafiki yake wa karibu, mwigizaji Stefanie Powers, alisaidia kuanzisha taasisi ya William Holden Wildlife Foundation. Kituo chake karibu na Nanyuki huwafundisha wanafunzi wa Kenya kuhusu uhifadhi wa mazingira.

Baadhi ya filamu zake

1939 – Golden Boy
1950 – Sunset Boulevard
1953 – Stalag 17
1954 – Sabrina
1955 – Picnic
1957 – The Bridge on the River Kwai
1962 – The Lion
1969 – The Wild Bunch
1976 – Network
1981 – S.O.B.