Kwa Nini Kifaru Hakizami Ardhini?

Marafiki wanaozuru maonyesho ya vifaru huko Bovington, Uingereza, huweza kukiona, katika siku maalumu, kifaru cha Kijerumani aina ya Tiger, kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, kikitembea uwanjani. Uzito wake ni tani 57 hivi. Mbona basi hakididimii?

Siri imo katika eneo. Minyororo yake miwili, yenye upana wa sentimita 72 na nusu kila mmoja, huutandaza uzito huo juu ya takriban mita 5 za mraba. Hivyo kila sentimita ya mraba ya ardhi hubeba kilo 1 na kidogo tu. Tairi la motokaa ndogo hukandamiza takriban mara mbili ya hapo. Nguvu hiyo igawanywapo kwa eneo huitwa kanieneo.

Hata hivyo, ardhi ina kikomo. Huko Passchendaele, Ubelgiji, mwaka 1917, vifaru vya Waingereza, vyenye takriban nusu ya uzito huo, vilinasa topeni, na waliokuwamo wakawa shabaha ya mizinga. Tena, minyororo haipunguzi uzito wenyewe: darajani, tani zote 57 hubebwa na nguzo. Mhandisi, basi, hana budi kupima yote mawili.