Tufe na Kinanda

Katika bonde la Kilombero, mpunga ukiisha kuvunwa na kuanikwa, kazi ya kinu huanza. Siku hizi mashine za kukoboa zimeenea Ifakara na katika vijiji vingi, lakini kinu na mchi havijatoweka. Mtu akimtazama mwanamke hodari wa kutwanga ataona jambo la kumfikirisha. Mchi ni mzito, naye huuinua na kuushusha mara nyingi bila kuchoka upesi. Hali kijana asiyezoea kazi hiyo huumwa mikono baada ya kitambo kidogo. Sababu yake ni nini? Kijana hutwanga kwa mikono peke yake. Mama hutwanga kwa mwili mzima: magoti hukunjika kidogo, kiuno huinama, mabega hufuata, na mikono huja mwisho.

Siri hiyo hiyo imo katika mchezo wa kutupa tufe. Mwaka wa 1948 mwanamke mmoja aliyekulia Afrika ya Kaskazini aliionyesha mbele ya mataifa mengi, naye hakuwa mtwangaji wala mkulima, bali mpiga kinanda.

Tufe ni mpira wa chuma usio na mahali pa kushikia. La wanaume lina uzito wa kilo 7 na gramu 260; la wanawake lina kilo 4. Kilo 4 si nyingi kwa mtu aliyezoea kujitwika debe la maji la lita 20, kwa maana ni sehemu moja ya tano tu ya uzito huo. Walakini kujitwika mzigo ni jambo moja, na kuupeleka mbali angani ni jambo jingine.

Mtupaji husimama ndani ya duara ambalo upana wake ni kama mita 2 na sentimita 13. Mbele ya duara umewekwa ubao wa kuzuia mguu. Mguu waweza kuugusa ubao kwa upande wa ndani, lakini mtupaji akiukanyaga juu, au akitoka kwa mbele, kutupa kwake hakuhesabiwi. Tufe huwekwa shingoni karibu na kidevu, nalo hutolewa kwa mkono mmoja. Ni marufuku kulirudisha nyuma ya bega na kulivurumisha kama mtoto atupavyo jiwe. Kwa hiyo, ingawa mchezo huitwa kutupa tufe, kwa kweli tufe husukumwa.

Msukumo huo hutoka wapi? Na atazamwe mvuvi asimamaye katika mtumbwi juu ya mto Kilombero, akiusukuma kwa upondo. Akidokoa chini kwa mkono tu, mtumbwi husogea kidogo na kusimama. Lakini akiushindilia upondo, akaegemea kwa miguu na kiuno, na kuendelea kusukuma mpaka mikono imenyooka, mtumbwi huenda kwa kasi. Kadiri msukumo unavyokuwa na nguvu, na kadiri unavyodumu katika njia ndefu, ndivyo kasi inavyozidi. Ndivyo ilivyo kwa tufe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; na mtupaji pia huanza kwa kuinama upande wa nyuma wa duara, mguu mmoja umekunjwa. Kisha huruka hatua fupi kwenda mbele, akaukaza mguu, akazungusha kiuno, akainua bega, na mwisho kabisa mkono na vidole hulisukuma tufe. Mguu ukichelewa, au mkono ukitangulia, nguvu hupotea njiani. Tena tufe likielekezwa juu mno litaanguka karibu. Likielekezwa chini mno litagusa ardhi mapema. Sharti lipite kati ya hayo mawili.

Mambo hayo yote mwanamke aweza kujifunza sawasawa na mwanamume. Lakini kwa muda mrefu wakuu wa michezo hawakukubali. Michezo ya Olimpiki ya siku hizi ilianza Athens mwaka wa 1896, wala hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyeshindana. Pierre de Coubertin, aliyeianzisha, hakupenda wanawake washiriki. Mwanamke mmoja wa Ufaransa, Alice Milliat, hakungoja kibali chake. Yeye na wenzake waliunda chama cha michezo ya wanawake wa mataifa, na mwaka wa 1922 wakafanya mashindano yao wenyewe mjini Paris. Kutupa tufe kulikuwa mojawapo ya michezo hiyo. Mwaka wa 1928, Amsterdam, mlango wa Olimpiki ulifunguliwa kidogo: wanawake walipewa michezo mitano ya riadha. Mmoja wa hiyo ulikuwa mbio za mita 800. Wakimbiaji walipomaliza wakihema na kuchoka, kama wanaume wanavyochoka, wakubwa walisema kwamba mbio hizo zinazidi uwezo wa mwanamke. Zikaondolewa, zisirudishwe hata mwaka wa 1960. Na tufe halikuwamo kabisa.

Ndipo ikaja vita kuu ya pili, na michezo ya mwaka wa 1940 na ya 1944 haikufanyika. Ilirudi London mwaka wa 1948. Uingereza ilikuwa imechoka kwa vita, na chakula kilikuwa bado hugawiwa kwa kipimo. Hapakujengwa kijiji kipya cha wachezaji. Walilazwa katika kambi za askari, na katika shule na vyuo. Lakini katika mwaka huo wa shida, kwa mara ya kwanza, wanawake waliruhusiwa kutupa tufe katika Olimpiki.

Miongoni mwa waliofika alikuwa Micheline Ostermeyer wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka wa 1922, na alipokuwa bado mtoto mdogo wazazi wake walihamia Tunisia. Mama yake alimfundisha kupiga piano, yaani kinanda kikubwa cha nyuzi. Alipokuwa msichana alipelekwa Paris katika chuo kikuu cha muziki. Lakini vita vilipoanza alirudi Tunisia. Huko alipiga kinanda redioni, na huko huko akaanza kushika michezo kwa bidii: kukimbia, kuruka na kutupa. Baada ya vita alirudi chuoni, na mwaka wa 1946 akapata tuzo la kwanza la chuo. Mwaka uo huo, huko Oslo, alikuwa wa pili wa Ulaya katika kutupa tufe.

Watu wa muziki walimshangaa. Vidole vya mpiga kinanda ni kama chombo cha fundi. Kidole kimoja kikivunjika, kazi yake imekwisha. Kwa nini auweke mkono wake chini ya chuma cha kilo 4? Lakini Ostermeyer hakuona vita kati ya kazi zake mbili. Mpiga kinanda naye hapigi kwa vidole peke yake: nguvu hutoka mgongoni na begani, hupita mkononi, na vidole huifikisha kwa wakati wake.

Tarehe 30 Julai, katika uwanja wa Wembley, alishinda katika kurusha kisahani, mchezo ambao alikuwa hajauzoea sana. Siku tano baadaye, tarehe 4 Agosti, ikawa zamu ya tufe. Amelia Piccinini wa Italia na Ina Schäffer wa Austria walipita kidogo mita 13, na tofauti kati yao haikufika upana wa vidole viwili. Ostermeyer alifika mita 13 na sentimita 75. Mtoto akitaka kuujua umbali huo, na apime mita 13 na sentimita 75 katika uwanja wa shule yake, kisha asimame mwanzoni na kutazama mwisho. Hivyo Ostermeyer akawa mwanamke wa kwanza kushinda tufe katika Olimpiki. Husimuliwa kwamba baada ya ushindi huo aliwapigia wenzake wa Ufaransa muziki wa Beethoven. Tarehe 7 Agosti alikuwa wa tatu katika kuruka juu, mchezo alioshinda Alice Coachman wa Marekani, mwanamke mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Lakini sifa nayo ina gharama yake. Baadhi ya wasikilizaji walidhani ya kuwa mtupa tufe hawezi kuwa mpiga kinanda mpole, hata kwa miaka kadhaa Ostermeyer alijiepusha na muziki wa Liszt, wenye kuhitaji nguvu nyingi, asije akaitwa mwanamichezo tu. Hata hivyo aliendelea kupiga kinanda, na baadaye akawa mwalimu wa muziki. Alikufa mwaka wa 2001.

Mlango uliofunguliwa mwaka wa 1948 haukufungwa tena. Miaka minne baadaye, Helsinki, Galina Zybina wa Urusi ya Kisovieti alifika mita 15 na sentimita 28. Mwaka wa 1987 Natalya Lisovskaya, wa nchi hiyo hiyo, alifika mita 22 na sentimita 63.

Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyopeleka wachezaji London mwaka ule wa 1948. Lakini zamu yao ilikuja. Mwezi wa Julai mwaka wa 1965, katika michezo ya kwanza ya Afrika nzima iliyofanywa Brazzaville, Theresia Dismas wa Tanzania alirusha mkuki akapata medali ya fedha. Mkuki si tufe, walakini kanuni ni ile ile: mguu hukaza, kiuno hugeuka, bega hufuata, na mkono huja mwisho.

Basi wale waliosema kwamba mwanamke hana nguvu hawakumtazama vema. Nguvu ilikuwapo siku zote, kwenye kinu, kwenye jembe na kwenye ndoo ya maji. Kilichokosekana ni duara la kusimamia, mtu wa kufundisha, na ruhusa ya kujaribu.

Maswali

1. Kwa nini mtupaji hukunja mguu kabla ya kulisukuma tufe?
2. Taja mambo mawili yanayofanya kutupa tufe kusihesabiwe.
3. Kusukuma mtumbwi kwa upondo kunafanana vipi na kutupa tufe?
4. Ni nini kilichowazuia wanawake kutupa tufe katika Olimpiki kabla ya mwaka wa 1948?