Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa

Tuseme, msomaji, umeona doa jekundu kwenye kichwa cha uume. Haliumi. Unaingia duka la dawa mjini Eldoret, unanong'ona, unauziwa vidonge vya kaswende na marhamu. Wiki tatu zapita, doa lipo. Unabadilisha duka.

Hapo ndipo wengi hupoteza wakati. Saratani ya ngozi ya uume ni nadra, lakini huanza kimyakimya hivyo: doa, kigaga, kinyama kama chunjua, au kidonda kisichopona. Aghalabu hujificha chini ya govi, na mtu ambaye govi lake halifunuki huja kuigundua usaha umeshaanza kutoka.

Wala si maradhi ya Wazungu. Mwaka wa 1966 Sebastian Kyalwazi, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya wagonjwa 153 waliolazwa hospitalini humo.

Mara nyingi chanzo ni virusi vya HPV, vile vile viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Sigara na Ukimwi huongeza hatari. Tohara ya utotoni au ujanani hukinga sana, ingawa waliopita jandoni wasijivune: haikingi kabisa.

Kwa macho tu, hata daktari hodari hawezi kuapa. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, au nyingine yenye maabara, dawa ya ganzi hudungwa, kipande kidogo cha ngozi kikakatwa na kutazamwa kwa hadubini. Kinena nacho hupapaswa, kwani tezi za hapo ndizo saratani huzifikia kwanza. Kubali pia kupimwa Ukimwi. Madoa ya zambarau huenda yakawa saratani ya Kaposi, ambayo tiba yake ni nyingine.

Je, utakatwa? Hilo ndilo swali linalowafanya wanaume wajifiche. Ikiwa bado iko juu ya ngozi, dawa ya kupaka ya florourasili kwa wiki kadhaa, au kuondolewa govi, huenda ikatosha. Ikizama, sehemu hukatwa. Zamani ilikuwa sentimita mbili nzima za nyama safi. Siku hizi milimita chache hutosha, na wengi huendelea kukojoa wakiwa wamesimama na kulala na wake zao. Anayechelewa huenda akapoteza uume wote, akawa anachuchumaa.

Ukienda, usipake kitu asubuhi hiyo. Beba dawa zote ulizonunua. Na ukiulizwa kinachokuuma, usimwambie daktari ni mgongo.