Maiti Iliyolala Mezani Ilikuwa ya Nani?

Hakuna tabibu awezaye kuuponya mwili asioujua. Kwa hiyo hatumlaumu mwanafunzi wa udaktari wa karne ya 19 aliyesimama mezani, kisu mkononi, akitafuta mishipa ilikopita. Kwani kabla ya 1846, dawa ya usingizi ilipoanza kuenea, mgonjwa alikatwa yu macho, na mpasuaji asiyejua njia yake alimwua. Swali letu ni moja tu: maiti iliyolala mezani pale ilikuwa ya nani?

Huko Uingereza, sheria ya 1752 iliwapa matabibu maiti za wauaji walionyongwa. Kupasuliwa kulikuwa nyongeza ya adhabu. Wanafunzi walipozidi, wanyongwao hawakutosha, ikazuka biashara ya kufukua makaburi usiku. Tajiri alizikwa kwa jeneza imara na kaburi lenye walinzi. Fukara alifukiwa na wenzake katika shimo moja. Wezi walijua pa kwenda.

Katika mji wa Edinburgh, mwaka 1827, William Burke na William Hare waliuza maiti ya mpangaji aliyekufa kwa maradhi huku akidaiwa kodi. Walipata pauni 7 na shilingi 10. Tamaa ikawaingia, wakawaua watu 16, wengi wao wanyonge, wakampelekea Dakta Robert Knox, mwalimu mashuhuri. Burke alinyongwa 1829, naye akapasuliwa, na mifupa yake ingali imehifadhiwa katika chuo kikuu cha mji huo. Hare aliachiliwa kwa kutoa ushahidi. Dakta Knox hakushtakiwa kabisa!

Ndipo Bunge likatunga sheria mpya mwaka 1832. Wauaji wakaondolewa mezani, na mahali pao wakawekwa maskini: afiaye katika nyumba ya mafukara au hospitali, asidaiwe na jamaa, maiti yake yaweza kupewa chuo. Lakini jamaa walikuwapo mara nyingi, walichokosa ni gharama za mazishi. Na Bunge hilo lilichaguliwa na wenye mali. Wafanyakazi walio wengi hawakuwa na kura.

Yuko aliyejitoa kwa hiari, Jeremy Bentham, mwaka ule ule. Waliomfuata walikuwa wachache mno.

Wafanyakazi nao walijiunga na vyama vya kuzikana, wakitoa peni zao kila juma, hata juma ambalo mkate nyumbani haukutosha.