Mkunazi, nazi na hina: dawa za nywele za kutengeneza nyumbani mjini Jeddah

Makala hii inatupia jicho utengenezaji wa nyumbani wa dawa za asili za kulainisha nywele: ni kitu gani hasa ndani ya dawa hizo kinachofanya kazi, na ni wapi hatari inapojificha nyuma ya neno "asili".

Mtaa wa Al-Baghdadiyah mjini Jeddah, Saudi Arabia, uko upande wa kaskazini wa Al-Balad, mji mkongwe wa bandari hiyo ambao mwaka 2014 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia. Mwendo mfupi kutoka mtaani humo lipo soko la Al-Alawi, ambako maduka ya attari, yaani wauza viungo, manukato na dawa za miti, yamepangana tangu enzi za mahujaji wa majahazi. Unga wa majani ya mkunazi, ambao Waarabu huuita sidri, huuzwa hapo pamoja na hina, uwatu, karafuu na mafuta ya ufuta. Mwanamke aliyetoka Lamu au Unguja hahitaji mkalimani mbele ya bidhaa hizo. Mkunazi anaujua kwao, hina anaijua, na uwatu aliwahi kuunywa katika uji wa mzazi.

Jeddah ni mji wa watu wa asili nyingi. Wasomali, Wasudani, Waeritrea na watu wa asili ya Afrika Magharibi wameishi humo kwa vizazi, na katika miaka ya karibuni wameongezeka wanawake wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za nyumbani. Kila kundi limekuja na dawa yake ya nywele. Wasomali wana qasil, unga wa majani ya mti wa jamii moja na mkunazi. Wanawake wa Sudan wana karkar, mchanganyiko wa mafuta ya ufuta, shahamu na manukato. Chad nako hutumika chebe, unga wa mbegu na viungo unaochanganywa na mafuta na kupakwa kwenye urefu wa nywele, si kwenye ngozi ya kichwa. Kwa mfanyakazi wa nyumbani ambaye hana siku ya kukaa saluni, wala riyali za kulipia, dawa inayopatikana jikoni si pambo la ziada. Mara nyingi ndiyo pekee iliyopo.

Iko sababu nyingine inayowarudisha wanawake wengi kwenye majani na mafuta. Mwezi Oktoba mwaka 2022 Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Afya ya Mazingira ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kemikali za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia utafiti walionekana kupata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wasiozitumia. Watafiti walikadiria kuwa wanawake 1.64 katika kila 100 wasiotumia dawa hizo wangepata saratani hiyo kabla ya kufikia umri wa miaka 70, ilhali kwa watumiaji wa mara kwa mara idadi ingefika 4.05. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa hizo ndizo chanzo, lakini ulitosha kuwafanya wengi waliangalie upya kopo la dawa ya kunyoosha.

Ili kufahamu dawa ya nyumbani inaweza nini na haiwezi nini, ni vyema kwanza kuutazama unywele wenyewe. Sehemu iliyotokeza juu ya ngozi haina uhai. Ni protini ngumu iitwayo keratini, nayo imefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama makuti ya paa. Magamba yakilala vizuri, unywele hung'aa na kuteleza. Yakiinuka, nywele hukwaruzana, hufungamana na kukatika. Sabuni ya kawaida ina ukali wa magadi na huyainua, na maji yakiingia na kutoka mara kwa mara huulegeza unywele wote. Nywele za Kiafrika zina tatizo la ziada: kwa kuwa zimejikunja, mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayafiki kwa urahisi kwenye ncha, na kila pindo ni mahali panapoweza kukatikia. Kwa hiyo dawa ya kulainisha haioteshi nywele, hata muuzaji aape vipi. Kazi yake ni kuzuia zile zilizokwisha kuota zisikatike. Nywele hukua kiasi cha sentimita moja au zaidi kidogo kwa mwezi, na anayeona zake "hazikui" kwa kawaida anaona zinavyokatika kwenye ncha kwa kasi ile ile.

Katika mafuta yote ya jikoni, ya nazi ndiyo yaliyochunguzwa zaidi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, wakakuta kuwa ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Haifai kusahau kwamba wawili hao walikuwa wakiifanyia kazi kampuni ya Marico ya Mumbai, ambayo huuza mafuta ya nazi. Hata hivyo maelezo yao yanaeleweka: sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni asidi iitwayo lauriki, ambayo chembe zake ni ndogo na zimenyooka, hivyo huweza kupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu yake. Mafuta yakiwa ndani, maji huingia kwa uchache na unywele hauvimbi sana wakati wa kuoshwa.

Mabibi wa pwani walilijua hilo bila maabara, kwani walipaka kwanza ndipo wakaosha. Nazi hukunwa, tui zito likakamuliwa na kuchemshwa kwa moto wa polepole hadi maji yakauke na mafuta yajitenge na mashapo yake. Mafuta hayo huchujwa kwa kitambaa kikavu na kuwekwa kwenye chupa isiyo na hata tone la maji. Katika joto la Jeddah hubaki maji maji karibu mwaka mzima, ila ndani ya chumba chenye kiyoyozi huganda, kwa kuwa kiwango chake cha kuyeyuka ni kama nyuzi 24 za Selsiasi. Hayapaswi kutiwa jikoni motoni; chupa ikiwekwa kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika chache inatosha. Hupakwa kwenye nywele zilizogawanywa mafungu, zaidi kwenye ncha, na kuachwa saa kadhaa au usiku kucha kabla ya kuosha. Wenye chunusi za paji la uso au mba wayaepushe na ngozi ya kichwa.

Mkunazi una kazi tofauti. Majani yake yana saponini, kitu kinachotoa povu, na pia yana utelezi, ndiyo maana yanasafisha bila kuziacha nywele zikiwa kavu kama kamba. Hiyo ndiyo sababu sidri imekuwa sabuni ya mwili na ya kichwa tangu zamani, na hata maiti wa Kiislamu huoshwa kwa maji yaliyotiwa majani yake. Vijiko vinne vikubwa vya unga huchanganywa na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka upatikane uji mzito, ukaachwa kwa dakika kumi ili uvimbe. Hupakwa kwenye nywele zilizolowa, na baada ya dakika 20 hivi huoshwa kwa maji mengi. Siri yake imo kwenye chekecheo. Unga usiochekechwa vizuri huacha vijiti ndani ya nywele zilizojikunja, na kazi ya kuvitoa huvunja nywele nyingi kuliko zile zilizookolewa.

Uwatu, au hulba kama unavyoitwa pia, hulainisha kwa ute wake. Vijiko viwili vya mbegu hulowekwa usiku kucha katika kikombe cha maji. Asubuhi husagwa, ukakamuliwa kwa kitambaa, na ute unaopatikana ukapakwa kwa nusu saa. Ute huo hufunika magamba ya unywele na kurahisisha kuchana, basi. Harufu yake hukaa kwenye mto siku mbili, na asiyeipenda hana la kufanya. Kubwa zaidi ni kwamba uwatu ni wa jamii ya kunde, hivyo mwenye mzio wa karanga au dengu anaweza kudhurika nao. Mshubiri nao hutumika vivyo hivyo, lakini jani likishakatwa lisimamishwe kwanza ili utomvu wa manjano utoke, kwani huwasha. Kinachotakiwa ni ute mweupe wa ndani.

Yai na ndizi, ambazo husifiwa sana, hazistahili sifa zote hizo. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya ndani ya unywele, na maji ya moto huigeuza kuwa yai la kukaanga kichwani.

Kisha kuna suala la maji. Jeddah haina mto, na mwaka 1907 dola ya Kiothmania iliweka mtambo ambao wenyeji waliuita Kindasa, ulioupatia mji huo maji matamu kutoka baharini. Leo sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwenye mitambo mikubwa ya aina hiyo, na hayana chokaa nyingi. Anayetumia maji ya kisima, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Lamu na Mombasa, anajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu na kuacha utando kwenye nywele. Hapo siki husaidia: kijiko kimoja au viwili vikubwa katika lita moja ya maji, vikamiminwa mwishoni na kusuuzwa. Asidi hiyo nyepesi huondoa utando na kuyalaza magamba. Siki isiyochanganywa na maji huunguza ngozi.

Hina ndiyo inayohitaji maelezo ya uangalifu zaidi, kwa sababu ni hapa ambapo watu huumia. Rangi iliyomo ndani ya jani, iitwayo lawsoni, hushikana na keratini na kuufanya unywele uwe mnene na mgumu kidogo. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia yenye wekundu, nayo huchukua saa kadhaa. Haitoi weusi. Weusi wa mmea upo, lakini hupatikana kwa kupaka majani ya nili baada ya hina, kazi ya hatua mbili. Kile kinachouzwa kwa jina la "hina nyeusi", au piko kama kinavyojulikana Zanzibar, na ambacho hufanya kazi katika nusu saa, kwa kawaida kimetiwa kemikali iitwayo parafenilini-diamini, kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya unaruhusu kemikali hiyo katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na Marekani hairuhusu ipakwe kwenye ngozi. Anayenunua unga sokoni katika kifuko kisicho na maandishi hajui amenunua kiasi gani.

Madhara yake yanaweza kuchelewa siku moja hadi tatu: malengelenge, uvimbe wa uso na macho kufumba. Mwili uliokwisha kuikataa PPD mara moja huikataa maisha yote, hata katika rangi ya dukani. Ikimezwa, hali ni mbaya zaidi. Madaktari wa Sudan, ambako unga huo huchanganywa na hina, wameandika tangu miaka ya 1980 juu ya wagonjwa waliovimba koo hadi kushindwa kupumua na wengine waliopoteza figo, wakiwemo watoto walioudhania kuwa kitu cha kula. Kifuko cha aina hiyo hakiwekwi kwenye kabati la jikoni.

Hata hina safi ina mipaka yake. Watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana kwa wingi katika maeneo yaliyozoea malaria, ikiwemo pwani ya Afrika Mashariki na sehemu za Bara Arabu, wamewahi kuharibikiwa na chembe nyekundu za damu baada ya kupakwa hina. Mama anayempaka mwanawe kwa ajili ya sherehe anafaa kujua kwanza kama ukoo una hali hiyo.

Dawa yoyote mpya hujaribiwa kwanza kwa kupaka kiasi kidogo nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili. Anayekusudia kuhiji huweka kando mafuta yenye manukato akishaingia ihramu. Na kwa wanaovaa ushungi, nywele hukaushwa kwanza ndipo zikafunikwa. Katika joto na unyevunyevu wa Bahari ya Shamu, kichwa kilichofungwa kikiwa kibichi huota ukungu na mba, na hakuna majani yatakayosaidia hapo. Michanganyiko yenye maji, iwe ya sidri, uwatu au tui, haikai zaidi ya siku moja au mbili ndani ya friji. Kinachobaki kwenye bakuli hutupwa.